Uangalie au Ugeuze Macho?



Wengi wetu tulifundishwa tangu utotoni kwamba kumkodolea mtu macho ni utovu wa adabu. Ni fundisho zuri, lakini najiuliza kama linatosha. Ukikutana na mtoto ambaye paji lake la uso limetokeza mbele na kichwa chake ni kirefu na chembamba, upendo unakutaka ugeuze macho, au umwangalie?

Chukua mfano wa matege ya kurithi. Matege tuliyoyazoea hutokana na kukosa vitamini D au kalsiamu, na mtoto akipata jua na lishe, mifupa hupata nafuu. Haya ya kurithi ni mengine kabisa. Figo hupoteza fosfeti kwenye mkojo, na bila fosfeti mifupa haiwi migumu. Hata umwote jua kutwa nzima na umpe maziwa kila siku, bado. Miguu hupinda, majipu hutokea hata kwenye jino lisilotoboka, na fuvu nalo huweza kubadilika. Mishono inayounganisha mifupa yake ikifunga mapema, kichwa hushindwa kupanuka, kikarefuka, na wakati mwingine ubongo hubanwa.

Aina iliyo ya kawaida zaidi hupitia kromosomu ya X. Baba mwenye ugonjwa huu huwarithisha binti zake wote, lakini watoto wake wa kiume hawaupati kwake. Sasa fikiria familia hiyo kijijini: mabinti wote wanaumwa, wavulana wote wazima. Watu watasema nini? Eti laana! Eti baba alifanya jambo! Na sisi wa magharibi mwa Tanzania tunajua maneno kama hayo huweza kufika wapi, maana ndugu zetu wenye ualbino wamekatwa viungo na kuuawa kwa imani za namna hiyo.

Swali hilo ni la zamani. Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, wanafunzi wanamwona kipofu wa tangu kuzaliwa na wanauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu anakataa yote mawili. Ila angalia anachofanya baadaye: hasemi "tusimwangalie, masikini". Anatengeneza tope, anampaka machoni, anamtuma kunawa Siloamu. Yaani anamgusa palepale penye tatizo.

Mji wetu wa Tabora ulikua juu ya njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Watu walipita hapa wakiwa na minyororo, na sokoni walikaguliwa meno, mikono na mgongo. Yule mnunuzi naye aliangalia, tena kwa makini sana, lakini alichotafuta ni bei. Adrian Atiman, mzaliwa wa nchi ambayo leo ni Mali, aliuzwa utumwani akiwa mtoto. Wamisionari wa Afrika walimkomboa, akasomea udaktari Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Akawatibu watu huko kwa miaka mingi, hadi uzee wake. Alifariki mwaka 1956. Aliyekaguliwa kama bidhaa aliishi akiwakagua wagonjwa ili wapone.

Kwa hiyo naona kuna macho ya aina tatu. Macho ya soko hupima thamani. Macho ya adabu hukwepa. Macho ya Kristo huona mtu mzima, pamoja na kinachomuuma. Na yale ya adabu yana hatari yake. Mtoto ambaye kila mtu anamkwepa kwa heshima anaweza kukua bila mtu yeyote kumwambia mama yake, "Dada, twende hospitali kubwa, mtoto apimwe fosfeti." Dawa zipo, na husaidia zaidi zikianzwa mapema.

Sura ya Mungu haiko kwenye umbo la paji la uso. Lakini iko ndani ya mtu mwenye uso, na uso huo unataka kuangaliwa.

Jumapili hii, ukimwona mtu wa namna hiyo kanisani, msalimie kwa jina lake. Kama hulijui, muulize.

Ee Bwana Yesu, utupe macho yako. Amina.