Wavuvi Wasioijua Kusi

Katika kila tasnifu kuna ukurasa ambao hausomwi. Unaitwa ikirari, nao hukaa mwanzoni kabisa, kabla ya tabaruku na shukrani. Hapo mwanafunzi hutia sahihi kwamba kazi hii ni yake mwenyewe na haijapata kutolewa katika chuo kingine chochote, kisha msimamizi naye hutia sahihi kwamba imewasilishwa kwa idhini yake. Maneno yake ni yale yale kutoka chuo hadi chuo. Mimi huusoma. Nikishamaliza tasnifu nzima, huurudia na kujiuliza kama aliyetia sahihi amesema kweli.

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wa uzamili aliniletea sura ya nne ya utafiti wake kuhusu maisha ya wavuvi wa Pwani. Ilikuwa sura safi. Majedwali yamepangika, marejeleo yamekaa sawa, na programu ya kukagua wizi wa maandishi ilikuwa imeipitisha bila tatizo. Ndani yake mlikuwa na mahojiano na wavuvi wa vijiji viwili, kila mmoja kapewa namba badala ya jina, kama maadili ya utafiti yanavyotaka. Mvuvi wa kwanza anasema huenda baharini kila siku, mwaka mzima, na mapato yake hayabadiliki sana. Wa pili vivyo hivyo. Wa tano vivyo hivyo.

Nimezaliwa na kulelewa ufuoni, na sijapata kumsikia mvuvi akieleza riziki yake bila kutaja upepo. Kusi ikianza kuvuma mnamo Aprili bahari huchafuka. Mwenye ngalawa au dau dogo hubaki ndani ya mwamba akitega madema yake, kwa sababu nje hakwendeki. Ikija kaskazi, Novemba hivi, ndipo watu hutoka mbali. Kuna maleleji katikati, kuna bamvua na maji mafu, na kila kimoja kinajua njia ya kuingia katika sufuria ya mtu. Katika kurasa zote zile hakukuwa na hata neno moja kati ya hayo. Nikajua kwamba wavuvi wale hawakuwapo.

Nilimwita ofisini. “Mwanangu, wavuvi hawa uliwakuta msimu gani?” Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, “Mwalimu, nauli iliniishia Mombasa.” Alikuwa amezungumza na wawili tu, sokoni, na wengine akawatunga akiwa chumbani. “Nilidhani hakuna atakayedhurika,” akaongeza, na nadhani alisema hivyo kwa moyo safi.

Kauli ile haijanitoka. Kwa kipimo cha mashine kijana hakuwa ameiba kitu, maana maneno yote aliyaandika kwa mkono wake. Lakini katika vijiji vile walikuwako wazee ambao wangemweleza jinsi familia zinavyokopa dukani miezi ya kusi na kulipa kaskazi ikifika, na mahali pao wakawekwa watu wa kubuni wasiojua taabu ya upepo. Afisa wa uvuvi akiisoma tasnifu kama ile ataamini kwamba miezi ya njaa haipo. Huo ndio udanganyifu unaoniogopesha zaidi, na ndio ambao kanuni zetu huutaja kwa sentensi moja. Kijana alirudishwa nyuma, akaenda tena Pwani kwa nauli tuliyomsaidia kuichanga, na alichokileta baadaye kilikuwa na makosa mengi ya lugha na ukweli mwingi zaidi.

Nasimulia haya kwa sababu siku hizi mazungumzo ya uaminifu wa kitaaluma yamekuwa mazungumzo ya asilimia. Wanafunzi hawaniulizi kama hoja yao ina nguvu. Wananiuliza wamepata asilimia ngapi. Turnitin, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998, hulinganisha maandishi na hazina yake kubwa na kutoa kiwango cha mfanano. Mfanano peke yake hauthibitishi wizi. Dondoo zilizotajwa vizuri na orodha ya marejeleo huweza kuipandisha namba, na aliyeliiba wazo la mwenzake akalivika maneno mapya huweza kupita salama. Kwa hiyo vijana wamejifunza kuishusha asilimia: hubadilisha neno moja moja mpaka sentensi inakufa. Nimekuta “soko huru” limegeuzwa kuwa “gulio lisilofungwa”. Aliyeandika hivyo alitumia saa nyingi kuikimbia mashine, saa ambazo zingetosha kukielewa kitabu.

Akili unde imezidisha mkanganyiko. OpenAI, kampuni iliyotoa ChatGPT mwishoni mwa 2022, ilitengeneza chombo cha kutambua maandishi ya mashine, na Julai 2023 ikakiondoa kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivijaribu vitambuzi kadhaa kwa insha za TOEFL, mtihani wa Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani vitambuzi vile vilidai kwamba zaidi ya nusu ya insha hizo ziliandikwa na mashine. Mwanafunzi wa Kwale au Kakamega anayeandika Kiingereza kwa tahadhari, kwa msamiati wa kawaida na sentensi zilizonyooka, ndiye atakayeangukiwa na shutuma hiyo. Simwangushi mtu kwa neno la mashine peke yake, na naona ni dhuluma mhadhiri kufanya hivyo. Humwita, tukakaa, akanieleza kazi yake kwa lugha anayoitaka. Aliyeifanya huieleza hata akiwa na hofu.

Wapo wanaosema kanuni hizi za kutaja vyanzo ni desturi ya kizungu tuliyobebeshwa. Sikubali. Katika elimu ya dini huku kwetu, Lamu, Mombasa na Unguja, mwanafunzi aliyekisoma kitabu mbele ya sheikh akakimaliza huweza kupewa ijaza, ruhusa ya kukifundisha, na ndani yake hutajwa sheikh huyo, na sheikh wa sheikh huyo, kurudi nyuma kizazi baada ya kizazi. Watunzi wengi wa tenzi walitaja majina yao katika beti za mwisho, na wengine wakaweka na tarehe. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yangeweza kupotea kama si Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi kuyakusanya na kuyaandika, akishirikiana na mmisionari William Taylor. Diwani ilichapishwa Johannesburg mwaka 1940, mhariri akiwa William Hichens. Mwanafunzi anaponitajia Hichens peke yake, humwomba amtaje na Sikujua. Sifanyi hivyo ili kumpunguzia alama. Nataka ajue kwamba kuna mtu alikaa akasikiliza, akaandika, ili yeye leo apate cha kusoma.

Na tusiwabebeshe vijana mzigo wote. Mwaka 2015 waliopata alama ya A katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka uliofuata, udhibiti wa mitihani ulipokazwa, walikuwa 141. Tofauti ile haikuletwa na watoto. Mitihani inapovuja huwa kuna mtu mzima aliyeiuza, na mara nyingi kuna mtu mzima mwingine aliyelipa. Wakifika chuo kikuu, vijana hao hao huona utafiti wa mwanafunzi ukichapishwa jaridani kwa jina la msimamizi, na la mwenyewe likiwa mwishoni au halipo kabisa. Tukishawafundisha hayo, semina ya maadili ya asubuhi moja haiwezi kuyafuta.

Halafu kuna Nairobi, na kazi ambayo kila mhadhiri anaijua ingawa haizungumzwi vikaoni. Vijana wetu waliohitimu vizuri na wakakosa ajira hukesha wakiwaandikia insha na tasnifu wanafunzi wa Uingereza na Marekani. Filamu ya The Shadow Scholars ya mwaka 2024 iliwafuata waandishi hao pamoja na Patricia Kingori, profesa wa Oxford mwenye asili ya Kenya. Ireland ilipitisha sheria dhidi ya biashara hiyo mwaka 2019, Australia mwaka 2020, na Uingereza ikaipiga marufuku England mwaka 2022. Sheria ya England humshika anayeuza huduma au kuitangaza. Mwanafunzi anayenunua hushughulikiwa na chuo chake, na akiponea hapo hubaki na shahada.

Mmoja wa waandishi hao nilimfundisha. Alikuja kuniomba barua ya kumpendekeza kwa masomo ya uzamili, nikamuuliza tangu ahitimu amekuwa akifanya nini. Akanieleza bila kuficha: uuguzi, sheria, historia ya Ulaya, hata sura nzima za uzamifu. Alizungumza juu ya mada hizo kwa ufasaha ambao wenzangu wengi hawana. Lakini hakuna hata ukurasa mmoja ambao angeweza kuuweka katika wasifu wake wala kunionyesha kuwa ni wake. Nilimwambia aiache kazi ile. Akanijibu, kwa heshima, “Mwalimu, nikiiacha nitalipa kodi na nini?” Sikuwa na jibu la papo hapo. Barua niliiandika, nikashuhudia yale niliyoyasoma mimi mwenyewe, yaani mradi wake wa mwaka wa nne, na mengine yote nikalazimika kuyaacha.

Tangu hapo, kila ninapopata fedha za utafiti, anayenisaidia kukusanya data hulipwa, na jina lake huingia katika makala pamoja na langu. Nimeiomba idara yetu iyafanye haya kuwa kanuni, iandikwe katika kitabu kile kile kinachowakataza wanafunzi kudanganya.