Tuinuke Kwanza

Pale Uhuru Park kuna mnara wa Mau Mau, uliozinduliwa Septemba 12, 2015, kwa pesa za serikali ya Uingereza. Mama anampa mpiganaji chakula, na wote wawili wamegeuza nyuso, ili mmoja akishikwa asiweze kumtaja mwenzake.

Wazee wakija kuutazama, sisi wa Jogoo Road ni wepesi kuuliza: guka, ulikuwa msituni kweli, ama ulikuwa homugadi? Yule mama hakuuliza hata jina. Na Walawi 19:32 haisemi tuchunguze mvi kwanza, inasema tuinuke.

Sasa homugadi mwenyewe akija, naye tumwinukie? Nimeliombea swali hili. Kiti nitampa, maji nitampa. Kumwita shujaa, hapo moyo wangu bado unakataa.