Dhima ya Mwanagenzi wa Kalamu

Mwanagenzi aliyewekwa ofisini ajifunze ukarani huandika tangu asubuhi hata alasiri maneno yasiyo yake, kwa amri isiyo yake, ili yatiwe sahihi isiyo yake. Na kwa sababu hiyo watu wengi, naye mwenyewe aghalabu akiwa wa kwanza wao, hudhani kwamba kilichomo katika waraka, kiwe haki au kiwe dhuluma, hakimhusu kuliko kinavyoihusu kalamu aliyoishika. Dhana hii hupendwa kwa kuwa hufariji. Walakini kijana huishi katika faraja hiyo mwaka mzima, pengine miwili, na aliyoyazoea katika muda huo ndiyo atakayoyatenda bila ya kufikiri siku sahihi itakapokuwa yake. Kwa hiyo yafaa tuulize mapema kama anayenakili ana dhima mbele ya Mwenyezi Mungu kwa kile anachokinakili.

Mafunzo yenyewe, kwa anayeyatazama kutoka nje, ni mambo madogo yasiyotia shauku. Kijana huonyeshwa daftari la barua ziingiazo na daftari la barua zitokazo, namba za majalada, mahali pa kupiga mhuri, zamani za taipureta pia namna ya kupanga karatasi za kaboni ili nakala ya tatu isomeke, na kitabu ambacho apokeaye barua humtilia tarishi sahihi. Akishayajua hayo hupewa rasimu azipige taipu, kisha siku moja huambiwa atunge rasimu yake mwenyewe, ambayo humrudia imejaa wino mwekundu. Haya hufundishwa kwa ulimi. Yasiyofundishwa kwa ulimi, ila hupokewa kwa macho, ndiyo mazito zaidi: jinsi karani mkuu anavyomtazama mwanamke aliyekaa ubaoni tangu saa mbili, ni nani aambiwaye aje kesho na ni nani ambaye jalada lake huonekana mara moja, na siri za akina nani huchekewa wakati wa chai. Mwanagenzi hupata maarifa mengi ya mambo ya watu kabla hajapata hata chembe ya mamlaka, na hali hiyo ina hatari ambayo wazazi wanaomtafutia kijana wao kazi safi ya kivulini hawaifikirii.

Katika sura ya Al-Baqara, aya ya 282, ambayo ndiyo ndefu kuliko aya zote za Kurani, mna maagizo juu ya deni la muda, na katikati ya maagizo hayo amesimama mwandishi. Mdaiwa ndiye atoaye imla, kwa kuwa haki iko juu yake; akiwa safihi, au dhaifu, au asiyeweza, walii wake husema badala yake; na mwandishi ameamriwa aandike kwa uadilifu, wala asikatae kuandika, maadamu elimu ile ni Mungu aliyemfundisha. Mafakihi wengi wamesema kuwa kuandika deni ni jambo lililopendekezwa, si faradhi, na mjadala huo si wa kwetu hapa. La kwetu ni kuwa maneno ni ya mdaiwa, mali ni ya mdai, na bado uadilifu umetakwa kwa mtu wa tatu asiye na senti moja katika shauri lile. Kama kunakili kusingekuwa tendo, agizo hilo lingekosa mahali pa kukaa.

Nimepata kumwona mwanagenzi, katika ofisi moja ya pwani, aliyeletewa barua ya kupiga taipu, iliyomtaka mzee mmoja alete pingamizi lake juu ya mpaka wa shamba katika muda wa siku 14 tangu tarehe ya barua. Rasimu ilikuwa imelala juu ya meza ya mkubwa wake siku 11, na ili usingizi huo usionekane jaladani, kijana aliambiwa aandike tarehe ya siku ile rasimu ilipotungwa. Barua nzima ilikuwa kweli isipokuwa tarakimu zile. Lakini tarakimu zile zilikuwa zinamlia siku 11 mzee asiyejua kusoma, ambaye ilimpasa kwanza atafute wa kumsomea, kisha shahidi, kisha nauli.

Dhambi ni ya nani? Siafiki kwamba ni sawa kwa wote wawili. Aliyeamuru ana mamlaka na ana faida. Aliyeamriwa ana hofu, na nyuma ya hofu yake pana mama anayengoja mshahara wa kwanza. Mtume, katika hadithi iliyopokewa na Muslim, amempangia aonaye uovu daraja tatu: auondoe kwa mkono, asipoweza kwa ulimi, asipoweza kwa moyo, na hii ya mwisho ndiyo imani iliyo dhaifu kabisa. Wanyonge hukimbilia daraja ya tatu, wakidhani kuwa mkono uliotajwa ni mkono wa sultani tu. Ajabu ya mwanagenzi wa ofisi ni kuwa uovu anaouona unatendeka kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna mkono mwingine anaoumiliki kuliko huo. Wala simtaki aiache taipureta na kutoka akiubamiza mlango, kwani atakayekalia kiti chake ataiandika tarehe ile ile. Ulimi uko kati. “Samahani, Bwana, rasimu hii nimeipokea leo tarehe ishirini, niandike tarehe tisa?” Swali hili, likiulizwa kwa adabu na kwa sauti ya kusikika na wenzake, lina nguvu kuliko hotuba, maana uovu mdogo wa ofisini huishi kwa kutotajwa.

Usahihi peke yake hauitoshi dhima hii. Abdul Hamid, katibu wa Marwan wa Pili, khalifa wa mwisho wa Bani Umayya wa Sham, aliwaandikia makatibu waraka ambao Ibn Khaldun ameuhifadhi katika Mukadima yake, akiwaagiza waanze na Kitabu cha Mungu na faradhi, kisha lugha, kisha hati nzuri, kisha mashairi na habari za mataifa, wala wasiache hesabu, iliyo tegemeo la daftari la kodi. Tena akawausia wamsaidie mwenzao aliyeangushwa na zamani. Wasia huu ni mzuri, nami nisingependa mwanagenzi aukose; lakini ulitoka katika diwani ya dola iliyopinduliwa mwaka 750 na watu waliolalamikia dhuluma yake, na hati nzuri haikuiponya. Huku kwetu skuli ya serikali ya Wajerumani huko Tanga, iliyoanzishwa katika miaka ya 1890, iliwatoa makarani walioendesha kazi za boma kwa Kiswahili, na karani aliyehesabu nyumba za kijiji bila ya kukosea hata moja hakuwa amejibu bado kama kodi iliyotozwa juu ya nyumba hizo ilikuwa haki.

Iko pia kasoro ya upande wa pili, ambayo siipunguzii uzito: mwanagenzi ambaye, kwa kuona siri za watu, hujifanya kadhi wao, akamkemea huyu dirishani na kumhurumia yule. Malaika waandishi, waliotajwa katika sura ya Al-Infitar, wanajua tuyatendayo na wanayaandika, na hukumu haikutiwa mikononi mwao.

Nimesema kuwa aya ya deni humwamuru mwandishi. Mwishoni mwake humkinga pia, kwa kuagiza kuwa asidhuriwe mwandishi wala shahidi. Wakubwa wa ofisi husoma agizo hilo, wakilisoma, wakifikiri habari ya ujira. Yule mwanagenzi aliuliza swali lake, na karani mkuu, baada ya kimya kirefu, akamwambia aandike tarehe ya kweli. Mzee akapata siku zake 14. Wiki iliyofuata kijana alihamishiwa chumba cha majalada ya zamani, kwa maneno matamu ya kwamba huko atajifunza zaidi, na akabaki humo mpaka muda wake ulipokwisha, bila ya kupewa rasimu nyingine.