Wewe Mafia, Binti Yako wa Dukani Yuko Wapi?



Dada mmoja mwenye fremu Kariakoo aliniuliza hivi karibuni, baada ya Misa pale Mtakatifu Yosefu, Posta: "Kaka, nikitumia hela kwenda Mafia kupumzika tu, nizamie, nione papa potwe, siyo dhambi kweli? Nyumbani wanasubiri hela ya mbolea." Nilimwambia nitajibu hapa, maana najua swali siyo lake peke yake.

Jibu fupi: siyo dhambi. Fungua Marko 6:30-32. Mitume wametoka kazini, watu wanaingia na kutoka, hata nafasi ya kula hawana. Hiyo ni Mtaa wa Kongo mwezi Desemba kabisa! Yesu hakuwaambia wakaze. Aliwatoa pembeni, mahali pasipo na watu, wapumzike kidogo. Na walikwenda kwa mashua. Kila nikitoka kanisani pale Posta na kuona abiria wa boti za Zanzibar wamepanga foleni na mabegi yao, nakumbuka mistari hiyo.

Mafia nimefika. Nilipanda gari Mbagala hadi Nyamisati, kisha boti hadi Kilindoni. (Wenye nazo wanapanda ndege.) Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa 1995, ya kwanza nchini, na ina zaidi ya kilomita za mraba 800. Humo mna matumbawe ya rangi ambazo hata duka la vitenge halina. Kasa wanataga Juani, na Chole kuna popo wakubwa wanaoning'inia mitini mchana kutwa.

Lakini potwe, jamani. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, anaweza kuzidi mita 10, na chakula chake ni vijidudu vya baharini na vidagaa. Kati ya Oktoba na Machi ndiyo msimu wa kumwona karibu na Kilindoni. Nahodha alituonya mapema: msimguse, msimzibie njia. Tukashuka majini na miwani yetu. Akapita chini yangu, mgongo umejaa madoa meupe, taratibu kama mtu asiyedaiwa na yeyote. Sisi watu wa Kariakoo tukiona kitu tunakipigia hesabu, jumla bei gani, rejareja bei gani. Yule sikujua nimpigie hesabu gani. Zaburi ya 104 inasimulia bahari kubwa yenye viumbe wasiohesabika, na mnyama mkubwa ambaye Mungu alimuumba acheze humo. Acheze! Nilikuwa nasoma zaburi hiyo kila mara na kupita haraka.

Kuhusu hela: mbolea kwanza. Kuwatunza wazazi ni Amri ya Nne, na marejesho ya kikoba yalipwe. Usichukue mkopo wa kausha damu ili upige picha na samaki. Kama Mafia ni mbali, kuna Bongoyo, boti zinatoka Msasani, na Mbudya, unavukia Kunduchi. Visiwa hivyo navyo vimetengwa kulindwa tangu 1975. Unakwenda asubuhi, jioni uko nyumbani.

Sasa nami nina swali, na ndilo lililonikosesha usingizi kuliko la mbolea. Dada, siku nne utakazokuwa Mafia, nani anauza?

Ni yule binti. Anafungua asubuhi, anafunga usiku, Jumatatu hadi Jumapili. Wapo tuliokuwa nao kwaya na VIWAWA, siku hizi hatuwaoni, na siyo kwamba wameacha imani. Wako dukani kwa Mkatoliki mwenzao, ambaye yeye yuko Misa ya kwanza na bahasha ya zaka mkononi.

Soma Kumbukumbu la Torati 5:12-15 polepole. Amri ya Sabato haikuishia kwako. Inamtaja mtumishi wako wa kiume na wa kike, apumzike kama wewe, na sababu yake ni kwamba nawe ulikuwa mtumwa Misri. Wengi wenye fremu leo walianza kwa kubeba mizigo au kuuza duka la mtu. Wanajua miguu inavyovimba! Katekisimu, namba 2187, inatuambia tusiwadai wengine kazi zisizo za lazima zinazowazuia kuishika siku ya Bwana.

Najua utaniambia: "Kaka, Jumapili ndiyo wateja wa mikoani wanakuja, na kodi ya fremu haijui Jumapili." Sawa, sikatai. Namba 2185 inakubali kwamba mahitaji ya familia yanaweza kumpa mtu udhuru. Lakini udhuru siyo mkataba wa mwaka mzima. Fungua saa tano, baada ya Misa. Au mpokezane, Jumapili hii yeye, Jumapili ijayo wewe. Na siku asiyouza mteja wa mikoani, mwache alale.

Hivyo dada yangu, nenda Mafia, na potwe umwone. Kabla ya kukata tiketi, muulize binti yako mara ya mwisho alisali Jumapili gani. Akisita kujibu, mpe Jumapili hii inayokuja, na posho ya siku hiyo usiikate.