Kipande na Kibali

Neno kipande lina maana nyepesi katika Kiswahili: ni sehemu ya kitu kilichokatwa, kama kipande cha mkate au kipande cha nguo. Kwa wazee wa Kenya neno hili lilipata maana nyingine, na maana hiyo ilikuwa nzito shingoni. Sheria ya kuandikisha wenyeji, iliyotungwa mwaka 1915 na kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika aliyepita umri wa miaka 16 kuchukua hati yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, na habari za waajiri aliowatumikia: siku aliyoajiriwa, ujira wake, na siku aliyoachishwa kazi. Hati ilitiwa katika kikebe cha chuma, na kikebe kikavaliwa shingoni.

Ubaya wa kipande haukuwa katika kuandikishwa peke yake, maana dola zote huandikisha watu. Ubaya mkubwa zaidi ulikuwa katika sahihi. Mtu hakuweza kuajiriwa pengine kwa halali mpaka mwajiri wake wa kwanza awe ametia sahihi kwamba amemwachilia. Aliyeondoka bila ya sahihi ile hakuhesabiwa kama mtu aliyevunja mapatano na mwenzake. Alihesabiwa kuwa mtoro, na serikali ilimtafuta kwa alama za vidole vyake. Harry Thuku na wenzake walilalamika juu ya jambo hili mwaka 1921, lakini haikuwa mpaka mwaka 1947 ndipo ilipotungwa sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote mahali pa ile ya kwanza.

Inafaa kukikumbuka kikebe kile kila linapozuka swali la siku hizi juu ya wageni wafanyao kazi katika nchi zisizo zao: je, kibali cha kazi ni cha nani? Kibali ni neno la ukoo mmoja na kukubali. Husemwa kwamba fulani ana kibali, na maana yake ni kwamba watu wamempokea na nyoyo zimemridhia. Basi nchi inapompa mgeni kibali ingedhaniwa kuwa imemkubali yeye. Hivyo ndivyo lisemavyo neno. Sheria nyingi husema vingine. Zimemkubali mwajiri, na mgeni ameandikwa chini ya jina la mwajiri kama shehena inavyoandikwa katika hati ya jahazi. Mwajiri akijitoa, mgeni hana tena mahali pa kusimama.

Hapana haja ya kubishana juu ya mlango. Nchi ina haki ya kujua nani aingia, kwa kazi gani na kwa muda gani, kama mwenye nyumba alivyo na haki ya kuitikia hodi au kuikataa. Mwenye kudai kwamba mipaka yote ifutwe na atoe hoja zake mahali pengine. Swali la hapa huanza baada ya mgeni kukaribishwa na kuketi: ni nani aliye na amri ya kumtoa?

Katika nchi za Ghuba jibu la swali hili lilikuwa kwa miaka mingi jina moja, kafili. Katika fikihi ya Kiislamu kafala ni dhamana: mtu hujitoa kubeba deni au wajibu wa mwingine, na mzigo humwangukia mdhamini. Ni tendo la wema. Katika sheria za kazi mzigo uligeuzwa. Mdhamini alipewa uwezo, na mdhaminiwa akapewa uzito. Watu wengi hudhani kwamba desturi hii imetoka kale katika maisha ya Waarabu wa jangwani. Wako wanahistoria wanaoonyesha kwamba sura yake ya leo ilianza Bahrain katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, katika uzamiaji wa lulu, ambapo maafisa wa Kiingereza waliona ni rahisi kuwatia wageni chini ya dhamana ya wenyeji kuliko kuweka askari wengi wa kuwalinda. Ikiwa ni hivyo, dola iliyovisha watu vikebe Nairobi ilifunga na fundo hili pia, na katika zama zile zile.

Fundo limelegezwa. Qatar iliondoa mwaka 2020 sharti la mfanyakazi kupata hati ya mwajiri kabla ya kuhama kazi. Oman iliondoa sharti la namna hiyo kuanzia Januari 2021 kwa yule ambaye mkataba wake umekwisha. Saudi Arabia ilianza kutekeleza mabadiliko yake Machi 2021, lakini watumishi wa nyumbani waliachwa nje. Hapo ndipo pa kutazama, kwa sababu wanawake wengi wanaopanda ndege Mombasa, Entebbe au Dar es Salaam kwenda huko huenda kupika, kufua na kulea watoto. Huko Saudi Arabia liko neno ambalo mwajiri aliweza kulipeleka serikalini dhidi ya mfanyakazi aliyeondoka: huruub, yaani kutoroka. Miaka 100 imepita tangu siku za kikebe, na jina la mtu anayeacha kazi lingali lile lile.

Mtetezi wa mpango huu atajibu kwamba hakuna aliyelazimishwa. Mwanamke yule aliutia sahihi mkataba kwa mkono wake, akijua anakwenda kwa nani na kwa ujira gani. Hoja hii ina nguvu, na wale wanaoipuuza kwa kusema tu kwamba maskini hana hiari huwavunjia heshima maskini wenyewe. Maana maskini hupima, hulinganisha, na mara nyingi hujua wazi hatari anayoiendea. Na akubaliwe basi kuwa aliridhika. Yabaki mambo mawili.

La kwanza ni kwamba ridhaa katika kazi si kitu cha siku moja. Karani wa Dar es Salaam anaporudi afisini kila asubuhi anaridhika upya, kwa sababu angeweza kutorudi. Akitukanwa Jumatatu anaweza kutafuta pengine Jumanne, na tajiri wake analijua hilo. Kujua huko humfunga tajiri ulimi kuliko kanuni zilizobandikwa ukutani. Mgeni aliyefungwa kwa kibali aliridhika mara moja, huko kwao, mbele ya wakala. Siku zote zinazofuata, ridhaa yake haiulizwi.

La pili ni zito zaidi. Mkataba ni ahadi baina ya watu wawili. Mmoja akiuvunja, mwenzake ana haki ya kudai fidia mbele ya kadhi au hakimu, na jambo hukoma hapo. Lakini mfanyakazi wa kibali kilichofungwa akiuvunja, hapati mdai. Anapata polisi, mahabusu na ndege ya kumrudisha kwao. Ahadi ya mtu kwa mtu imegeuzwa kosa la raia kwa dola. Tena imegeuzwa upande mmoja tu: mwajiri asiyelipa mshahara kwa miezi 3 naye amevunja ahadi ile ile, wala hapana nchi inayomwita mtoro.

Wengine husema kwamba mwajiri ametoa nauli, ada na gharama za wakala, na si haki apoteze yote. Kweli, si haki. Lakini aliyekopesha ana haki juu ya fedha, hana haki juu ya mwili. Gharama zaweza kuhesabiwa na kudaiwa kwa kadiri ya muda uliobaki, kama deni lolote.

Hoja iliyo bora kuliko hizi zote ni ile ya kumlinda mfanyakazi mwenyeji, na Afrika Mashariki yaijua vema. Tanzania ilitunga Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni mwaka 2015. Kibali hutolewa kwa muda wa miezi 24, na muda wake wote pamoja na nyongeza umewekewa ukomo. Na mwajiri hutakiwa kuwa na mpango wa kumrithisha mwenyeji kazi hiyo. Makusudi haya ni mema. Kijana aliyehitimu chuo ana haki ya kuuliza kwa nini kazi anayoiweza imepewa mtu wa mbali. Lakini kinachomlinda kijana huyo ni ukomo wa muda na mpango wa urithi, si kumfunga mgeni kwa tajiri mmoja. Kumfunga mgeni humdhuru mwenyeji. Tajiri akipewa wafanyakazi wawili, mmoja aweza kuondoka na mwingine hawezi, atampenda asiyeweza kuondoka, atamlipa kidogo, atamwamuru usiku, na mwenyeji ataambiwa kwamba ni mvivu na ghali. Anayetaka mwenyeji apendelewe na amfungue mgeni kwanza, ili bei ya kazi yao iwe moja.

Hili limekwisha kuandikwa. Mkataba wa 143 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1975, unasema katika kifungu cha 8 kwamba mgeni anayekaa kwa halali hahesabiwi kuwa haramu kwa sababu tu ya kupoteza kazi yake, na kwamba kupoteza huko peke yake hakuondoi kibali. Kenya na Uganda zimo miongoni mwa nchi chache zilizouridhia. Canada nayo ilianza mwaka 2019 kutoa kibali kisichotaja mwajiri kwa mfanyakazi anayeonewa.

Uingereza imetoa funzo la namna nyingine. Tangu mwaka 1998 watumishi wa nyumbani wa kigeni waliruhusiwa huko kubadili mwajiri. Ruhusa ikaondolewa mwaka 2012. Ikarudishwa mwaka 2016, lakini ndani ya viza ya miezi 6 tu isiyoongezwa. Mtumishi anayekimbia nyumba mbaya katika mwezi wa 4 ana haki kamili ya kutafuta nyumba nyingine, na amebakiwa na miezi 2 ya kuitumia. Atabisha mlango, na mama mwenye nyumba, ambaye huenda ni mtu mwema, atauliza kama anaweza kumlea mtoto mpaka atakapoanza shule.