Shetani anayetimiza ahadi

Mwishoni mwa Shaaban nilipigiwa simu na kaka yangu anayeishi Uingereza, na sauti yake haikuwa ya kawaida. Chumbani kwa mwanawe, kijana wa miaka 15 aliyehifadhi juzuu tano, amekuta kitabu kikubwa chenye picha ya jitu lenye pembe limekaa kwenye kiti cha enzi. Pembeni lipo daftari, kwa hati ya kijana mwenyewe, limejaa majina ya mashetani na vyeo vyao. "Nichome moto?" akaniuliza. Nikamwomba anipe siku mbili.

Mchezo wenyewe unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Watu wanakaa mezani, mmoja anakuwa msimulizi na wengine kila mmoja anajipa mhusika: askari, mchawi, mwizi. Hadithi inatungwa kwa mdomo, na dadu zinaamua nani amepiga na nani amekosa. (Dadu zina mjadala wake. Hadithi inayokataza nardi ni maarufu na wanachuoni wameijadili kwa urefu. Mwenye shaka amuulize sheikh wake, mimi leo silo ninalolizungumzia.)

Mwaka 1977 kilitoka kitabu chao cha viumbe, na humo mashetani wakapewa milki ya tabaka tisa, na chini kabisa mfalme wao Asmodeus. Mengi yameokotwa kutoka Ulaya ya zamani. Tabaka moja linaitwa Malbolge, jina lililotokana na shairi la Dante wa Italia, na msomaji ajue kwamba ni katika sehemu hiyo hiyo ya shairi lake ndipo Dante alipomtukana Mtume wetu (s.a.w). Watunga mchezo hawakuuchukua ule upuuzi, wamechukua jina tu. Lakini ni vizuri kujua maji yametoka kisima gani.

Wamarekani wenyewe waliwahi kuuogopa mchezo huu. Mama mmoja, Patricia Pulling, alifiwa na mwanawe mwaka 1982, na mwaka uliofuata akaanzisha jumuiya ya kuupinga akidai unafundisha uchawi na kujiua. Tuhuma hizo hazikuthibitishwa. Hata hivyo kampuni ilitishika, na toleo la mwaka 1989 likaondoa neno shetani. Haukupita muda viumbe wale wale wakarudi kwa jina la kubuni, baatezu, na mwaka 2000 wakarudishiwa jina lao la zamani.

Kwa mtazamo wangu, hofu ile ililenga pasipo. Mtoto hageuki mchawi kwa kutamka majina yaliyotungwa na muuza vitabu. Wala kubuni peke yake si dhambi. Imepokewa katika Sunan Abi Dawud kwamba Bi Aisha (r.a) alikuwa na vinyago vyake vya kuchezea, kimojawapo farasi mwenye mbawa mbili. Mtume (s.a.w) alipomuuliza farasi gani huyo mwenye mbawa, akamjibu kwamba farasi wa Nabii Suleiman walikuwa nazo, na Mtume akacheka. Hakukivunja.

Sasa tatizo liko wapi? Nilipokisoma kitabu cha kijana, kaka akinitumia kurasa kwa simu, pembe hazikunishtua. Nilishtushwa na tabia. Mchezo huu unatofautisha mashetani wa fujo na mashetani wa sheria. Hawa wa sheria, wenye zile tabaka tisa, ni waovu lakini wanafuata mkataba. Ukiwapa roho yako kwa maandishi, watakutimizia ulichoomba. Watakughilibu kwa ujanja wa maneno, lakini sahihi yao wanaiheshimu. Na huko motoni wao ndio watawala.

Muislamu anafundishwa kinyume cha hayo yote. Msimamizi wa moto ni malaika, Malik, na walinzi wake ni kumi na tisa kama ilivyotajwa katika Suratul Muddaththir. Iblis hana kiti cha enzi humo, ataingizwa kama mfungwa mwingine. Na kuhusu mkataba, soma Sura Ibrahim aya ya 22. Siku hiyo Shetani mwenyewe atasimama mbele ya waliomfuata na kukiri kwamba aliwaahidi akavunja, kwamba hakuwa na mamlaka juu yao ila aliwaita tu wakaitika. Hana nguvu, na ahadi yake haina thamani.

Kabla hatujamcheka kijana wa Uingereza, tutazame nguzo za umeme hapa Dar es Salaam. Mvuto wa biashara, kumrudisha mpenzi, pete ya bahati, na namba ya simu chini yake. Wanaopiga namba zile si Wamarekani. Baadhi yao wametoka kuswali Ijumaa, na wakiambiwa walete jogoo mweusi kwa ajili ya jini, wanaleta. Wanaamini jini yule atatimiza. Yule kijana anajua kwamba anacheza. Huyu wa jogoo hachezi.

Siku ya pili nilizungumza na kijana. Kumbe kundi lao lilikuwa linacheza kisa kilichotolewa mwaka 2019, ambacho mji mzima unaburutwa motoni kwa sababu kiongozi wake aliingia mkataba na shetani mmoja, Zariel, aliyekuwa malaika zamani. Nikamkumbusha kwamba malaika hawamuasi Allah, na kwamba Iblis alikuwa jini, imo katika Suratul Kahf. "Najua, baba mdogo," akasema. "Lakini sisi tulikuwa tunajaribu kumfanya Zariel atubu. Mchezo unaruhusu."

Nikanyamaza kidogo. Kisha nikamuuliza kama anakumbuka Iblis alipofukuzwa aliomba nini. Akafikiri. "Aliomba muda," akasema. Ndiyo, aliomba acheleweshwe mpaka siku ya kufufuliwa, na akapewa. Adam na mkewe walikosea pia, wao wakaomba msamaha, na wakapewa.

"Na Iblis angeomba msamaha?"

Nilimwambia ukweli, kwamba hilo hatukuelezwa, tumeelezwa alichochagua. Hakuonekana kuridhika, wala sikutaka ajifanye ameridhika.

Kaka hajakichoma kitabu. Amesema atakisoma mwenyewe kwanza, na Jumamosi watoto wenzake wakija atakaa nao mezani asikilize. Ana wasiwasi watamchagulia kuwa mchawi.