Kiazi Hakina Rangi

Zafarani unayoiona kwenye pilau hutoka katika ua lisilozaa mbegu. Tangu kale mkulima huchimba viazi vyake, huvitenganisha, huvipanda tena. Ndiyo maana shamba zima, liwe Iran au Kashmir, ni zambarau ileile. Lakini mzee wake wa porini bado yuko Ugiriki, naye huzaa kwa mbegu. Kilima kimoja utakuta zambarau iliyokolea, iliyofifia, na nyeupe pe! Sasa hapo ipi ndiyo rangi halisi?

Sisi wa Nyanda za Juu tuna binamu yake, gladiola ya porini. Ni aina moja tu ya ua, lakini hili njano, lile la rangi ya chungwa, jingine jekundu, jingine la kijani lenye madoa ya kahawia. Wataalamu watakwambia ni chembe za urithi, tena na ndege chozi anayefuata utamu wake. Sawa. Hata hivyo sijasikia ua likiambiwa limekosea.

Taabu inaanza kwa binadamu. Kitulo, kule Makete (Iringa ya zamani, Njombe tangu 2012), wenyeji hupaita Bustani ya Mungu. Mwaka 2005 pakawa hifadhi ya taifa kwa ajili ya maua hasa, si tembo wala simba. Zipo aina kama 45 za okidi. Na okidi hizo viazi vyake huliwa: huvushwa Tunduma kwenda Zambia, vikapikwa chikanda kwa unga wa karanga. Mmea una viazi viwili, kikuukuu kilicholisha ua la mwaka huu, na kipya kilichobeba ua la mwakani. Mchimbaji anataka kile kipya.

Nje ya hifadhi nilimwuliza mama mmoja kama huwa anatazama ua kabla ya kuchimba, labda ni la rangi isiyo na mwenzake. Akacheka. "Mwanangu, kiazi hakina rangi. Sare ya shule ndiyo ina rangi."

Wapo wanaosema tuyahifadhi, huenda kesho yakatufaa. Kweli, gladiola yetu hii ni mmojawapo wa wazazi wa zile zinazouzwa Ulaya kwa mashada ya harusi. Lakini jibu hilo mimi silipendi, ni la mchuuzi. Je, lile lisilomfaa mtu yeyote, lililochanua mara moja bondeni bila kuonwa? Nasema tunalo deni kwake. Kumaliza kitu ambacho hata hujakitazama ni dhuluma, ingawa hakuna wa kukushtaki.

Haya, deni lipo. Alipe nani? Mwenye jembe, mlaji wa Lusaka, au sisi wa Mbeya mjini tunaopanda kule kupiga picha na kushuka jioni? Ningemwambia yule mama aache, angeniuliza sare nitanunua mimi? Nami mfukoni nilikuwa na nauli ya kurudi tu.